Kengele ya Chumba cha Buluu

Vumbi la Riyadh msilifute kwa kitambaa kibichi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa la kwanza la kila msichana anayetoka huku kwetu, na mimi nililifanya siku yangu ya pili. Ukilipangusa kwa maji linageuka tope, tope linaingia kwenye nakshi za mbao, na hapo utalichokoa kwa kijiti cha meno mpaka vidole vife ganzi. Dhoruba ikipita, acha vumbi lilale saa nzima. Kisha chukua brashi laini, anza juu kabisa, ushuke pole pole, na kitambaa kikavu kifuate nyuma. Maji yawe ya sakafu peke yake.

Ninyi mnaopita hapa kwangu Wundanyi kabla ya kwenda kusafiri huniuliza habari za mshahara, za kafili anayekudhamini, za ikama, kile kibali cha kuishi kule. Hayo mtaambiwa na wengine. Mimi nitawaeleza nyumba, maana miaka kumi na minane nilitunza nyumba za watu, na kumi kati ya hiyo niliitunza nyumba moja ambayo hata leo sipendi kuiota.

Ilikuwa nyumba ya Kiingereza. Mmeziona kwenye tamthilia: ngazi pana za mbao, dari refu, watumishi wamepanga mstari mlangoni, bibi mwenye shanga anashuka taratibu. Basi ile ilijengwa vilevile, pembeni mwa Riyadh, nyuma ya ukuta mrefu uliozungukwa na mchanga. Bosi alisoma Uingereza ujanani. Alinieleza mwenyewe kwamba siku moja walipelekwa kwa basi kutazama jumba kubwa la shamba, wakalipa kiingilio, na kila kiti kilikuwa kimefungwa kamba ili mtu asikalie. Akiwa pale alijiapiza kwamba siku moja atakuwa na nyumba kama ile na atakaa kwenye kila kiti.

Akaijenga. Alinunua mbao za mwaloni zilizobanduliwa kwenye jumba la kweli huko Uingereza, akazisafirisha kwa meli na kuzipiga ukutani. Akanunua vitabu kwa mita. Akanunua vazi la vita la chuma lililosimama ukumbini kama mtu. Asubuhi yangu ya kwanza nililiamkia, na kwa kuwa halikuitika nikadhani ni mtu mwenye maringo. Lakini kukaa kwenye viti vile hakukaa. Yeye na madam waliishi nyuma, kwenye sehemu ya kawaida yenye sofa na televisheni. Nyumba ya mbele ilikuwa ya wageni, na wageni walikuja, wakapiga picha kwenye ngazi, wakarudi kunywa kahawa kwenye hema la uani.

Kwa hiyo nyumba nzima ilibaki kwangu.

Sasa sikilizeni jambo la mbao. Mbao zile zilikuwa zimeishi miaka mingi kwenye mvua na ukungu. Riyadh hewa ni kavu kama tanuri. Mbao zikaanza kusinyaa. Unapita ukumbini saa nane mchana, kimya, jua limesimama nje, na ghafla ukuta unalia pa, kama mtu amevunja kijiti nyuma ya shingo yako. Halafu kimya tena. Wiki za mwanzo nilikuwa naruka. Baadaye nilizoea, na huko kuzoea ndiko kulikoniponza, kama mtakavyosikia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Margaret, mama mzee wa Kiingereza ambaye bosi alimwajiri kipupwe kimoja ili atufunze. Alikuwa ametunza majumba ya namna ile tangu usichana wake, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alinionyesha kuweka mashine za mvuke kila chumba ili mbao zisikauke, na kuzijaza maji alfajiri. Alinifundisha kwamba nta ya nyuki hupakwa mara moja kwa mwaka, si kila Ijumaa kama nilivyokuwa nikifanya kwa bidii, kwa sababu nta ikizidi hunasa vumbi. Kitu chenye rangi ya dhahabu usikiguse kwa kitambaa kabisa, kipulizie. Kitabu usikivute kwa juu ya mgongo wake. Sukuma majirani wake wawili ndani, ndipo ukishike kiunoni.

Nilimwuliza kama kwao watu huzipenda sana nyumba hizi.

"Wanazipenda mno," akasema. "Hasa wale ambao hawakuwahi kuzisafisha."

Ndiye pia aliyenifundisha kengele. Jikoni, juu ya mlango, palikuwa na ubao wa kengele kumi na mbili, kila moja ikining'inia kwenye springi iliyopinda kama shingo ya bata, na chini yake jina la chumba. Mtu akivuta kamba chumbani, waya unapita ndani ya ukuta na kengele yake inalia. Bosi alitaka zifanye kazi kweli. Bi Margaret akaniambia, "Ukichelewa na mlio umekwisha, usiulize mtu. Tazama springi ipi bado inatikisika. Itatikisika muda mrefu baada ya sauti kufa."

Na kulikuwa na ujia. Katika nyumba zile za Waingereza, watumishi hawakutakiwa kuonekana, kwa hiyo ndani ya ukuta walijenga njia nyembamba na ngazi, ili anayebeba maji au mashuka apite kama panya. Aliyemchorea bosi ramani ya nyumba aliiga hata hilo. Mlango wa chini ulikuwa kwenye korido karibu na jikoni, umefunikwa kwa mbao zilezile, hujui kama ni mlango. Mlango wa juu ulifungukia Chumba cha Buluu, na kutoka hapo nilipeleka mashuka vyumba vingine vya juu. Katikati, ngazi kumi na tisa, giza, na hakuna hewa ya baridi kwa sababu aliyeweka mitambo ya hewa hakukumbuka kwamba mtu angepita humo. Wakati wa kiangazi ilikuwa kama kuingia ndani ya chungu.

Chumba cha Buluu kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo, na sababu yake ni Sitti.

Sitti ni mama yake bosi. Ndivyo wanavyowaita bibi kule Jeddah, na sisi wote tukamwita hivyo. Alizaliwa Ruwais, mtaa wa wavuvi pale Jeddah kabla haujajengwa maghorofa. Mumewe alipofariki bosi alimleta Riyadh, na miaka miwili baadaye akili yake ikaanza kusahau njia. Siku aliyofika alizitazama zile picha kubwa za watu wa kale ambazo bosi alizitundika kila mahali, akasema hatasali kwenye nyumba yenye nyuso ukutani. Bosi alimheshimu mama yake. Nyuso zote kumi na tatu zikahamishiwa Chumba cha Buluu, mlango ukafungwa.

Mashuka nilipita nayo bila kuinua macho, lakini mara moja kwa wiki ilinibidi nikae humo kupiga brashi fremu. Sikupenda. Kumi na tatu wanakutazama kwa pamoja, na yule mama wa gauni la kijivu, aliyewekwa karibu na dirisha, alichorwa ameinua mkono kidogo kana kwamba anataka kusema neno. Nilimwambia Bi Margaret kwamba wananitia wasiwasi.

"Usiwe na wasiwasi," akanijibu. "Watu hawa walizoea kutowatazama watumishi."

Kiangazi kilichofuata, Bi Margaret akiwa amesharudi kwao, kengele ya Chumba cha Buluu ililia.

Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo Riyadh nzima hulala. Nilipanda na ufunguo wangu. Chumba kitupu, kamba imetulia. Nikashuka. Siku tatu baadaye ikalia tena. Nikamwita Sunil, fundi seremala wetu kutoka Sri Lanka, mtu mzima, mtaratibu, aliyekuwa na binti wawili chuoni na ikama iliyobakiza miezi miwili. Alipapasa ukuta akasema mbao zikisinyaa zinavuta waya. Nilimwamini, maana nilitaka kumwamini.

Mara ya tatu nilipofungua mlango nilikuta kiti kimesogezwa mbele ya mama wa kijivu. Juu ya meza ndogo palikuwa na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na kahawa nusu. Ilikuwa bado ya moto. Mlango nilikuwa nimeufungua mimi sasa hivi, na ufunguo ulikuwa mmoja.

Nilikichukua kile kikombe mpaka kwa madam. Aliguna, akasoma maneno ya kujikinga, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Halas, imetosha. Sunil aweke makomeo kwenye ile njia ya ukutani, juu na chini. Ukishapitisha mashuka yako, Wakio, funga. Kila siku ufunge."

Hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria Sitti. Mnaona jinsi mtu mzee anavyoweza kupotea machoni pa watu wanaompenda? Kila baada ya adhuhuri nilimlaza, nikamvutia pazia, nikasikia pumzi yake. Chumba chake kilikuwa kwenye korido ileile ya ujia. Sisi tulifikiria majini, tukafikiria waya, tukafikiria wezi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kuchemka. Nilikuwa nimepitisha mashuka juu kwa ujia, mlango wa chini nikauacha wazi kidogo; kule chumbani nikafunga komeo la juu, nikashuka kwa ngazi kubwa nikaenda kabatini kupanga foronya. Dakika tano, labda kumi. Niliporudi nikausukuma ule mlango, nikavuta komeo. Lilikuwa jipya, liliteleza vizuri. Sikuita. Sikuchungulia. Ndani ya ukuta kitu kikalia tk, na mimi nikajiambia, mbao.

Nikaenda kupiga pasi. Nilipiga pasi kanzu za bosi zote. Nikaingia jikoni kupika chai, feni kubwa ya jiko inavuma, husikii hata mawazo yako. Nikaketi. Nikainua macho.

Springi ya Chumba cha Buluu ilikuwa inatikisika.

Mlio sikuusikia. Niliona tu ile shingo ya bata ikienda na kurudi, kumi na moja nyingine zimetulia kama zimechorwa. Nilizima feni. Ikaendelea kutikisika kwenye ukimya, ikipungua, ikipungua. Nawaambia wazi kwamba nilitaka kumaliza chai yangu nijifanye sikuona. Kilichoninyanyua si ujasiri. Niliona tu aibu, mtu wa miaka hamsini kuogopa kengele ya shaba.

Nilipanda kwa ngazi kubwa. Nikafungua. Kamba ilikuwa imenyooka, haina hata mtikisiko. Nyuso kumi na tatu. Kiti mahali pake, meza haina kitu. Nilisimama katikati ya zulia, sithubutu kuwapa mgongo, na ndipo nikasikia harufu ya udi. Kidogo sana, ikitoka kwenye ufa wa mbao upande wa mama wa kijivu, penye mlango wa juu wa ujia. Katika nyumba ile mtu mmoja tu alijifukiza udi kila siku.

Nikafungua komeo la juu.

Sitti alikuwa ngazi ya saba kutoka chini, amekaa, amelaza kichwa ukutani. Mtandio ulikuwa umemwanguka. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna jasho hata tone, na kama hamjui, jasho likikauka kwenye joto kali basi mtu anaondoka duniani. Begani alikuwa ameegemeza birika dogo la kahawa kama mtu abebavyo mtoto. Nilimshusha nikimkumbatia kwa nyuma, ngazi kwa ngazi, mpaka mlango wa chini, nikasahau kwamba nimeufunga mwenyewe. Nikaupiga kwa kisigino nikimwita Sunil. Alikuja mbio kutoka karakana, akafungua, akatukuta tumeanguka mlangoni wote wawili.

Tulimlaza sakafuni penye marumaru. Nilimlowesha shingo na kwapa, nikampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, nikimwinamisha asipaliwe. Jueni hilo: usimmiminie mtu wa namna hiyo maji mdomoni. Gari la wagonjwa lilichukua dakika ishirini. Daktari alimwambia bosi kwamba kama angecheleweshwa nusu saa zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kabla hawajamfunga kwenye machela, Sitti alifungua macho akaniona.

"Nilimwambia yule mama aite," akasema. "Mlichelewa sana."

Jioni Sunil alibandua ubao mmoja akamulika ndani kwa tochi. Waya wa kengele ulipita upande wa pili wa ukuta, upande wa nje. Kutoka kwenye ngazi za ujia mtu hawezi kuufikia hata kwa fimbo.

"Labda mbao," nikamwambia.

Akaurudisha ubao mahali pake, akapiga misumari yote minne. "Labda," akasema.

Siku ya tatu bosi alituita maktabani. Madam alikuwa amesimama dirishani, macho yamevimba. Bosi alishaamua kwamba kosa ni la Sunil: kaweka komeo bila kuangalia, na fundi asiye makini hafai, arudishwe kwao. Sunil alikuwa ameinamisha kichwa. Alijua hakulifunga lile komeo, na alijua nani alilifunga. Hakunitaja.

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Mwanangu alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Kurudishwa nyumbani kwa kosa la namna ile ni kurudi na jina bovu, na pengine kwanza kituo cha polisi. Nilihesabu yote hayo nikiwa nimesimama kwenye zulia ambalo nimelipiga brashi miaka. Nitawadanganya nikisema sikukaa kimya. Nilikaa kimya mpaka bosi akasema, "Basi, Sunil, kachukue vitu vyako."

"Bosi," nikasema, "komeo nililifunga mimi."

Akageuka.

"Sunil aliliweka. Aliyelivuta siku ile ni mimi. Sikuchungulia. Nilisikia kitu ndani nikadhani ni mbao."

"Ulisikia?" madam akauliza.

"Nilisikia, madam."

 Ukuta mahali fulani ukalia pa, na sisi wanne tukageuka kuutazama. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata bosi alikuwa akiiogopa nyumba yake.

"Nendeni," akasema hatimaye. "Wote wawili. Nitawaita."

Nilikaa siku nne begi langu likiwa limefungwa. Siku ya tano aliniita uani, si ndani. Akasema Sunil anabaki. Akasema mama yake ametoka hospitali na hataki kuiona tena nyumba ile; anataka Ruwais. Kuna fleti ya familia, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu, karibu na bahari.

"Anahitaji mtu," akasema. "Madam hataki uwe wewe. Mimi pia sikutaka. Lakini mama yangu anamtaja mtu mmoja tu. Anasema, leteni yule aliyekuja." Akasugua uso kwa viganja. "Unajua sasa mlango unaweza kufanya nini. Mtu mwingine itabidi ajifunze."

Ndivyo nilivyohamia Jeddah, na huko nikafanya kazi miaka minane mpaka nikastaafu. Fleti ya kawaida: kuta za plasta, dari la kufikiwa kwa ufagio, sauti ya majirani. Kule vumbi ni jepesi ila chumvi ya bahari inakula vyuma; bawaba zipakeni mafuta kila mwezi. Milango ya ndani niliiondolea makomeo yote. Ile nyumba ya Riyadh haikupata mtu wa kuishi mbele. Sunil aliniambia kwa simu kwamba siku hizi hukodishwa kwa maharusi wanaotaka picha kwenye ngazi, na kwamba watu wengi wameiona kwenye simu zao na kuitamani. Nilimwuliza kama kengele zimeondolewa. Akasema ubao upo, wageni wanaupenda, ila waya ameukata. Nikamwuliza kama sasa kumetulia. Akaanza kunieleza habari za binti zake.

Mimi nilibaki na deni moja. Sitti hakuwahi kujua ni nani aliyemfungia, walimficha asiumie. Mwaka mzima nilimwogesha, nikamchana nywele, nikampikia samaki na wali, na kila siku nikijiambia leo. Nikajifunza maneno kwa Kiarabu, nikayapanga, maana Kiarabu changu ni cha jikoni: yalla ya haya twende, mafi ya hakuna, na maneno ya leta na weka. Siku moja alasiri alikuwa dirishani anatazama watoto barabarani, akili imetulia, ananiita kwa jina langu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Sitti," nikasema, "kule Riyadh, kwenye ile nyumba, aliyekufungia ndani ya ukuta ni mimi. Sikukusudia. Nakuomba unisamehe."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgeni aliyepotea njia.

"Nyumba gani, binti yangu?" akasema. "Mimi sijafika Riyadh."

Nilibaki pale magotini. Nikaona kwamba jambo lile, lote, na joto lake na giza lake, sasa limebaki kwangu peke yangu. Nikamwomba tena vilevile, kwa maneno yaleyale. Akaniwekea mkono kichwani akasema amesamehe, lolote lile, niinuke nimwashie udi, jua linakaribia kuzama na bado hajasali.

Nikainuka nikamwashia.